Tekken imezeeka, wachezaji wapya watapita mlango gani?

Mwaka 2024 Tekken, mchezo wa mapigano wa kwenye skrini ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki waliufahamu kwenye vibanda vya gemu, ulitimiza miaka 30 tangu ulipotoka Japani. Mwezi Januari mwaka huohuo kampuni ya Bandai Namco ilitoa toleo la nane, Tekken 8, likiwa na vitu kadhaa vilivyowalenga watu ambao hawajawahi kushika padi: mtindo rahisi wa kubonyeza, mafunzo ya hatua kwa hatua, na marudio ya pambano yanayomwonyesha aliyeshindwa alipaswa kufanya nini.

Mlango ukafunguliwa, lakini ukafunguliwa ghorofani. Tekken 8 haichezeki kwenye PlayStation 4. Inataka PlayStation 5, Xbox ya kizazi kipya au kompyuta yenye nguvu, na kwenye kompyuta inadai nafasi ya gigabaiti 100. Kwa kijana wa Nairobi hiyo ni gharama ya kuumiza kichwa. Kwa kijana wa Bunia, au wa Bule katika eneo la Djugu mkoani Ituri, ambako watu wengi wanaishi kwenye kambi za waliokimbia makwao, ni jambo la kusikia tu kwenye simu.

Watengenezaji wa michezo ya mapigano wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi mchezo mgumu na mkongwe upate wapi damu mpya, na jibu lao kubwa limekuwa kupunguza ugumu. Ukitazama mahali ambapo wachezaji wapya wametokea kweli, na wakafika mbali, unakuta sababu nyingine. Wametokea pale ambapo kushindwa ni rahisi mfukoni, na pale ambapo anayekushinda amekaa kando yako.

Ugumu wenyewe

Asiyecheza huona watu wawili wakirushiana mateke na kudhani ni nani mwenye vidole vyepesi. Tekken ni hesabu. Picha inabadilika mara 60 kwa sekunde, na kila picha huitwa fremu. Ngumi nyepesi kuliko zote hufika kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Jicho na kidole cha binadamu wa kawaida vinahitaji fremu 12 hadi 15 kuona na kujibu. Kwa hiyo ngumi hiyo haikingwi kwa kuiona, inakingwa kwa kuitarajia.

Kuna mapigo ya juu, ya kati na ya chini, na kila moja lina dawa yake. La juu unaliinamia. La kati linamwadhibu aliyeinama. La chini linamwadhibu aliyesimama. Kila mhusika ana mapigo yanayoweza kuzidi 100, na mchezaji wa mashindano anatakiwa kuyajua ya kwake na ya wapinzani wote. Tekken 8 ilianza na wahusika 32, Tekken 7 ilimaliza safari yake ikiwa na zaidi ya 50. Halafu kuna ngumi ya umeme ya ukoo wa Mishima: unasukuma mbele, unaachia, unashuka chini, kisha unagusa pembeni-chini na kubonyeza ngumi katika fremu ileile moja. Ukikosea kwa fremu moja inatoka ngumi ya kawaida isiyo na umeme, na mpinzani anayejua anakulipiza. Watu hutumia miezi kuifundisha mikono yao jambo hilo moja.

Lakini si ngumi ya umeme inayomfukuza mgeni. Mgeni hafukuzwi na kitu asichokijua. Anafukuzwa na kurushwa hewani. Pigo moja likimnyanyua, hana la kufanya ila kutazama mhusika wake akipigwa bila kugusa ardhi mpaka nusu ya uhai imekwisha. Anaweka padi chini na kusema mchezo huu una uchawi. Hakuna mtindo rahisi wa vibonyezo unaoondoa hilo, kwa sababu tatizo lake halikuwa kupiga. Alipigwa na hakujua kwa nini.

Eddy na mlango wa zamani

Tekken 3 ilipofika kwenye PlayStation ya kwanza mwaka 1998, ilikuwa na mlango wa wageni bila kuutangaza. Mlango huo uliitwa Eddy Gordo, Mbrazili mwenye nywele za misokoto anayepigana kwa capoeira, sanaa iliyokuzwa Brazil na watumwa waliotoka hasa pande za Angola na Kongo. Mtoto aliyekaa mbele ya skrini kwa mara ya kwanza alibonyeza vibonyezo viwili vya mateke bila mpangilio, na Eddy akazunguka kama pia na kumwangusha kaka mtu aliyejifunza kwa mwaka mzima. Wajuzi walikasirika. Wengine waliona aibu hata kumchagua. Ila yule mtoto alirudi kesho yake, na wiki ya tatu akakuta watu wameshajifunza kumkinga Eddy. Hapo ndipo alipoanza kucheza Tekken hasa.

Katika Tekken 8 Eddy hakuwamo siku ya kwanza. Aliletwa Aprili 2024 kama mhusika wa kununuliwa pembeni. Kampuni iliyotafuta wageni ikamweka yule aliyekuwa akiwakaribisha nyuma ya dirisha la malipo. Haikuwa mara ya kwanza kukosea namna hiyo. Katika Tekken 7, takwimu za fremu, zile hesabu ambazo anayejifunza anazihitaji kuliko mtu yeyote, ziliuzwa kama nyongeza ya dola 4 hivi. Tekken 8 angalau ilizirudisha ndani ya mchezo.

Haki itendeke: kurahisisha kuna matunda yake. Street Fighter 6 ya kampuni ya Capcom ilitoka Juni 2023 ikiwa na mtindo wa kisasa wa vibonyezo ambapo pigo kubwa linatoka kwa kibonyezo kimoja, na ndani ya wiki chache iliuza nakala zaidi ya milioni 2. Miezi miwili baada ya kutoka, mashindano makubwa ya Evo mjini Las Vegas yaliandikisha zaidi ya watu 7,000 kwa mchezo huo peke yake. Lakini mchezo huo ulikuja pia na mawasiliano mazuri ya mtandaoni na uwanja ambapo wachezaji hukutana, husimama nyuma ya mashine na kutazama wengine wakipambana. Kwa maneno mengine, Capcom ilijenga kibanda cha gemu ndani ya intaneti. Ni vigumu kusema kilichovuta watu ni kibonyezo kimoja na si kibanda.

Upande wa Tekken, jaribio la kumpendeza mgeni lilimgharimu mwenyeji. Mapema mwaka 2025, masasisho ya msimu wa pili yaliufanya mchezo uwe wa kushambulia zaidi na kukinga kidogo, na wachezaji wakongwe wakamimina malalamiko mpaka maoni kwenye duka la Steam yakageuka kuwa mabaya na kampuni ikalazimika kurekebisha haraka. Walicholalamikia kilikuwa cha maana: mtu aliyejifunza kukinga kwa miaka alijikuta anabahatisha kama aliyeanza jana. Mgeni naye hakufaidika, kwani alichobahatisha leo hakikumfundisha kitu cha kesho.

Somo la Lahore

Februari 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Siddique anayejulikana kama Arslan Ash, alifika kwenye mashindano ya Evo Japani baada ya safari ya kuhangaika na viza na kubadili ndege. Dunia ya Tekken ilikuwa haimjui. Akashinda. Agosti mwaka huo akaenda Las Vegas na kushinda Evo kubwa pia, akimfunga katika fainali Mkorea Bae Jae-min, maarufu kama Knee, anayehesabiwa miongoni mwa wakubwa wa wakati wote. Arslan aliwaambia watu kwamba nyumbani kwao wapo wengine wa kiwango chake. Wengi waliona ni unyenyekevu. Knee akasafiri mwenyewe hadi Pakistan kuhakikisha, na akapigwa na vijana ambao hawakuwa na jina hata moja kwenye orodha za kimataifa. Mmoja wao, Atif Butt, alitwaa fainali za dunia za Tekken 7 mjini Amsterdam mapema 2023.

Pakistan haikuwa na mtandao wa kujivunia wala ofisi ya Bandai Namco ya kuilea. Ilikuwa na vibanda vya mtaani vya mashine za sarafu, ambako vijana hao walikulia, wengi wakianza na mchezo mwingine mkongwe, The King of Fighters. Unalipa kidogo, mshindi anabaki, aliyeshindwa anasimama nyuma na kutazama. Huyo anayetazama ndiye mwanafunzi. Anaona mkono wa mshindi, si skrini tu. Anauliza. Akijibiwa vibaya anauliza mwingine.

Kwingineko mchezo uliozeeka zaidi ulinusurika kwa kupewa kibanda cha aina nyingine. Super Smash Bros. Melee ya Nintendo ilitoka 2001, ikaachwa na kampuni yenyewe, na ni miongoni mwa michezo migumu kwa vidole kuliko yote. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, mashabiki walitoa programu ya Slippi iliyofanya mapambano ya mtandaoni yaende kama mko chumba kimoja. Vijana waliozaliwa baada ya mchezo huo kutoka wakaanza kuujifunza. Hakuna kibonyezo hata kimoja kilichorahisishwa.

Nairobi, na nani hayupo kibandani

Kwa Afrika Mashariki jina linalotajwa zaidi ni la Sylvia Gathoni wa Kenya, anayecheza kwa jina la QueenArrow. Alikuwa mwanafunzi wa sheria alipoanza kushindana katika Tekken 7, na mwaka 2018 timu ya Marekani ya XiT Gaming ilimsajili, akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kusajiliwa na timu ya nje katika michezo hii. Pamoja na Brian Diang'a, maarufu kama Beast, amekuwa sura ya michezo ya mapigano ya Nairobi kwa vijana waliokuja baadaye.

Kisa chake kinafunua pia upungufu wa sifa zote zilizomwagwa hapa juu kwa vibanda. Kibanda cha mtaani ni mahali pa wavulana. Kuna kelele, kuna matusi, kuna kuwekeana dau, na mzazi wengi wao hawamruhusu binti kukaa humo jioni. Mchezo unaolia kwamba hauna wageni umekuwa ukipoteza nusu ya wageni mlangoni. Kupatikana kwa mchezaji kama Gathoni kulihitaji mashindano yenye ukumbi, ratiba na watu wazima, si kibanda tu.

Tena kibanda ni biashara, na hesabu ya biashara inaipendelea kandanda. Mpira kila mtu anaujua kabla ya kuingia. Mechi ya mpira humpa aliyelipa muda wake wote hata akifungwa mabao sita. Pambano la Tekken linaweza kwisha kwa dakika mbili, na kwa mgeni linakwisha mapema zaidi. Ukiwa na utaratibu wa mshindi anabaki, aliyeanza jana hutoa pesa tano na kucheza dakika kumi, huku bingwa wa mtaa akicheza mchana kutwa kwa pesa ya wengine. Lahore iliwachuja vijana wake hivyo na kupata mabingwa. Haijulikani iliwatupa wangapi. Mwenye kibanda anayetaka Tekken iishi angefanya vizuri kutoza kwa saa badala ya pambano, au kuwa na saa moja ambayo wajuzi hukaa pembeni na padi za kufundishia. Ni jambo dogo, lisilohitaji ruhusa ya Tokyo.

Kutoka Bunia hadi skrini

Ituri inaonyesha mipaka ya mambo haya waziwazi. Ni mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, ambako Djugu imebeba mashambulizi na uhamaji wa watu kwa miaka. Mtu anaweza kuuliza gemu inatafuta nini katika habari za mahali kama hapo. Jibu ni kwamba kijana aliyekimbia kijiji bado ni kijana, ana simu, ana saa nyingi zisizo na kazi, na hana budi kuzitumia mahali fulani. Kiti mbele ya televisheni kuukuu si mahali pabaya kuliko vingine vinavyomwita.

Kikwazo cha kwanza ni umeme. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, takriban mtu mmoja kati ya watano nchini Kongo ndiye anayepata umeme, na vijijini ni wachache mno. PlayStation 5 inapocheza mchezo mzito hula takriban wati 200. PlayStation 2 ile nyembamba inaridhika na wati 40 hivi, ambazo betri na paneli ya jua vinaweza kuzibeba pamoja na televisheni ndogo. Hapo uzee wa mchezo si ugonjwa. Tekken 5 ya mwaka 2005 ina hesabu zilezile za fremu, mapigo yaleyale ya juu, kati na chini, na ngumi ya umeme ileile.

Cha pili ni umbali. Kutoka Bunia hadi Paris ni karibu kilomita 5,900 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 59 hata kama waya ungenyooka kama uzi, yaani zaidi ya fremu tatu. Nyaya hazinyooki, na hali halisi ni mbaya zaidi. Kutoka Bunia hadi Nairobi ni kama kilomita 800, chini ya fremu moja kwa hesabu hiyohiyo. Mpinzani wa mtandaoni anayemfaa kijana wa Ituri yuko Kampala, Kigali au Nairobi, si Ulaya. Wakicheza wachache mno katika ukanda huu, mashine itamtafutia mtu wa mbali, na atajifunza kuchukia mtandao kabla ya kujifunza mchezo.

Cha tatu ndicho kipya, na pengine kizito kuliko vyote. Zamani mashine zilikuwa zikishuka bei kadiri zinavyozeeka, na mashine iliyochoka Ulaya ilifika sokoni Kampala na Bunia. PlayStation 2 iliuzwa dola 299 Marekani ilipotoka mwaka 2000, na kufikia 2009 ilikuwa dola 99. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 Sony iliipandisha hadi dola 549.99. Mto uliokuwa ukileta mashine kuukuu huku umeanza kupanda mlima. Kibanda kinachosubiri PlayStation 5 ishuke bei kama dada zake kinaweza kusubiri sana.

Kinachobaki mkononi ni simu. Programu ya PPSSPP huwezesha simu ya kawaida ya Android kuendesha michezo ya PSP, na Tekken 6 ya PSP ni ya mwaka 2009. Vioo vya simu si mahali pa kufanyia ngumi ya umeme, kidole kinateleza na fremu inakwisha. Lakini simu mbili zilizounganishwa na padi za bei nafuu, au maneti kama wanavyosema wanaotumia Kifaransa, zinatosha kumfundisha mtu kuinama, kukinga chini na kungoja zamu yake. Menyu haina Kiswahili, wala Tekken 8 haina. Anayetaka kumwelezea mdogo wake kwa nini alirushwa hewani inabidi atafute maneno mwenyewe, na maneno hayo yako tayari katika lugha ya mtaani kuliko ilivyo kwenye vitabu.

Tatizo ni kinachofuata baada ya hapo. Tangu 2024 jukwaa kuu la Evo limehamia Tekken 8, na Tekken 7 iliyouza nakala zaidi ya milioni 10 duniani imebaki nje ya ukumbi, ingawa bado ndiyo inayoingia kwenye PlayStation 4 za vibandani. Kijana wa Bule akijifunza kwa mashine ya zamani na siku moja akapata nauli ya kufika kwenye mashindano Kampala au Nairobi, ataikuta mbele yake Tekken 8 na mfumo wake mpya wa Heat, unaompa anayeshambulia nguvu za ziada kwa sekunde chache katika kila raundi. Kukinga kwake, kuinama kwake na kupima umbali vitakuwa na thamani ileile. Heat atakuwa anaigusa kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya watu, kwa padi ya kuazima.